Mji Usiofika Mei

SIKU ZILIZOBAKI: 30

Futa tarehe kwanza.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa mtu anayekaa mbele ya kompyuta hapa Vudeko. Kuwasha utajua mwenyewe, kuandika utazoea. Tarehe ndiyo unafundishwa. Kompyuta inaiweka yenyewe juu kulia, wewe unaifuta, unaandika ya kweli. Ukisahau


SIKU ZILIZOBAKI: 29

Nilisahau.


SIKU ZILIZOBAKI: 27

Naitwa Nakundwa Mrutu. Steshenari yangu inatazamana na Mahakama ya Mwanzo, mlango wa bluu, huwezi kupotea. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naandika barua za kazi, mikataba ya mashamba na ratiba za mazishi. Miaka kumi na moja nimewaandikia watu wa hapa mambo yao ya ndani, na sijawahi kumtangaza mtu.

Usiniamini haraka. Kwanza tazama kompyuta yenyewe. Kibodi imeganda mafuta ya chipsi, herufi E imefutika, N unaibonyeza mpaka kidole kinauma. Ukichomeka flashi, mafaili yako yanageuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Katikati ya barua ya mchungaji linaruka tangazo la wanawake wasio na nguo, na mimi naziba kioo kwa kiganja, nacheka, nasema samahani baba mchungaji, mashine hii ina wazimu.

Nilikuwa nacheka. Siku hizi naziba kioo bila kucheka.


SIKU ZILIZOBAKI: 26

(Kompyuta inavyosema kila asubuhi. Nakutafsiria.)

Hii ni nakala ya majaribio.
Zimebaki siku 26.
Je, ungependa kununua sasa?

    Ndiyo        Baadaye


SIKU ZILIZOBAKI: 24

Hapo pa "Baadaye" ndipo tunapoishi.

Nakueleza mara moja tu, nisije nikarudia maana ninaona aibu. Programu ya kuandikia tuliyonayo ilitolewa ijaribiwe siku thelathini, halafu mtu anunue. Fundi Tumsifu akagundua kwamba ukiirudisha saa ya kompyuta nyuma, programu inadanganyika, inaanza kuhesabu upya. Akachagua tarehe 12 Machi 2015, siku aliyoipata diski yenye programu hiyo. Siku ya thelathini ikifika unairudisha tena 12 Machi. Mwezi ukiisha, tena.

Akatuwekea steshenari zote tatu. Akaweka kwenye duka la dawa, ofisi ya kata, kwa mwalimu mkuu, kwa mzee wa kanisa. Kila mwenye kompyuta Vudeko anaijua tarehe hiyo kuliko anavyoijua siku ya kuzaliwa ya mtoto wake.

Kwa hiyo kwenye kompyuta za Vudeko ni Machi, halafu siku chache za Aprili, halafu Machi. Hatujawahi kufika Mei. Miaka sita sasa.

Na tulikuwa tunajiona wajanja.


SIKU ZILIZOBAKI: 22

MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO WA MGONJA

                    Jumapili, 29 Machi 2015

Kikao kimefanyika leo nyumbani kwa marehemu Yonazi Mgonja, chini ya mwenyekiti Mzee Sefania Mgonja. Waliohudhuria ni watu kumi na mmoja (sahihi zao chini).

Ajenda: Kumteua msimamizi wa mirathi.

Ukoo kwa kauli moja umemteua mke wa marehemu, Bi Niwaeli Yonazi, asimamie nyumba yenye bati la kijani na shamba la tangawizi, aishi humo na watoto wake bila kubughudhiwa na mtu ye yote.

Kikao kilifungwa kwa sala.


SIKU ZILIZOBAKI: 21

Kikao hicho kilikaa Jumamosi, tarehe 14 Januari 2023. Yonazi alikuwa amefariki tarehe 9 Novemba, mwezi wa kumi na moja, mwaka uliotangulia.

Walikuja dukani wote kumi na mmoja, moja kwa moja kutoka kikaoni, wananuka moshi wa jikoni na makande. Umeme ulikuwa unakonyeza. Mzee Sefania anasoma kutoka kwenye daftari, mimi naandika, wao wamejazana mpaka barazani. Nikachapa kabla umeme haujakata. Wakasaini pale pale kwenye kaunta yangu, kwa kalamu yangu. Watu hawasomi juu. Wanatafuta jina lao chini, wanasaini.

Wa tatu kusaini alikuwa Kalebu, mdogo wake marehemu. Nakumbuka kwa sababu aliondoka na kalamu.

Mzee Sefania alikufa Agosti. Hakuna mwingine wa kuukalisha ukoo ule ukakalika.


SIKU ZILIZOBAKI: 19

KWA: Mheshimiwa Hakimu, Mahakama ya Mwanzo Vudeko

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MAOMBI YA MIRATHI YA MAREHEMU YONAZI MGONJA

1. KWAMBA, mimi Kalebu Mgonja ni mdogo wa damu wa marehemu.

2. KWAMBA, muhtasari ulioletwa na mwombaji Bi Niwaeli ni wa tarehe 29 Machi 2015.

3. KWAMBA, marehemu alifariki tarehe 9 Novemba 2022.

4. KWAMBA, haiwezekani ukoo wenye akili timamu ukae kugawa nyumba ya mtu aliye hai, anayekula na kulima tangawizi yake.

5. KWAMBA, ama karatasi hiyo ni ya kughushi, ama mwombaji alikwishampangia mume wake kifo miaka saba kabla.

6. KWAMBA, sahihi ya tatu inafanana na yangu lakini siitambui.

7. KWAMBA, naomba niteuliwe mimi, na mwombaji aondoke kwenye nyumba ya kaka yangu.


SIKU ZILIZOBAKI: 18

Siitambui.

Kalamu yangu anaitambua?


SIKU ZILIZOBAKI: 17

(Yaliyosikika kwenye foleni ya kopi, mimi nimeinamisha kichwa kwenye mashine.)

— Kumbe yule mama alianza kumgawa mumewe mapema hivyo.

— Karatasi haidanganyi, mama. Imechapwa na kompyuta.

— Na wale wengine waliosaini?

— Nani aseme, na Kalebu ndiye mwenye njia ya maji ya kwenda mashambani kwao? Wamenyamaza wote.

— Miaka saba anamtazama tu anakula.

— Dada Nakundwa, nitolee mbili, mbele na nyuma.

Nikawatolea. Mbele na nyuma.


SIKU ZILIZOBAKI: 15

Niwaeli alikuja saa nne asubuhi, kilemba cheusi bado kichwani, pingamizi amelikunja ndani ya Biblia.

"Dada Nakundwa, za hapa?"

"Nzuri, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza kitu kidogo. Siku ile, mimi ndiye niliyekutajia tarehe vibaya?"

Hebu sikia hilo. Ananiuliza kama yeye ndiye aliyekosea.

"Maana siku zile nilikuwa sijielewi," akasema. "Nilikuwa nasahau hata kufunga mlango. Kama nilikosea mimi, niambie, nikamwambie hakimu."

Jibu lilikuwa moja tu. Mama, hukukosea, kosa ni langu na mashine yangu chafu. Ni maneno manane au tisa, hata mtoto anaweza kuyatamka.

Nikasema, "Karatasi za serikali huwa na mambo yake, mama. Ngoja tuone."

Akanishukuru. Alipovuka barabara nikaenda nyuma ya duka nikatema mate, na yale mate hayakuisha mdomoni siku nzima.


SIKU ZILIZOBAKI: 14

TANGAZO

DARASA LA PROGRAMU HURIA
kwa kompyuta za nyumbani na biashara ndogo

Programu hizi zimetolewa na watengenezaji wake kwa hiari. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kumpa jirani, hata kuzifungua ndani uone zilivyoundwa. Zinaandika, zinachora, zinapiga hesabu, na zinafungua mafaili yako ya zamani. Haziishi muda. Huhitaji kuazima namba ya kufungulia. HUHITAJI KURUDISHA SAA NYUMA.

Mwalimu Kitojo, Chuo cha Ufundi
Kila Jumatano, saa tisa alasiri


SIKU ZILIZOBAKI: 13

Tangazo hilo Mwalimu Kitojo alilibandika kwenye ukuta wangu mwaka 2021, kwa ruhusa yangu. Wiki ya pili nikabandika juu yake tangazo la vifaranga.

Sababu nilizompa:

   a) Nembo zake zina sura ngeni, wateja watashtuka.
   b) Mistari itahama, barua za watu zitaharibika.
   c) Fundi Tumsifu anasema za bure ni mtego, zinakunyonya taratibu.
   d) Nina kazi nyingi, labda baada ya Pasaka.

Sababu ambayo sikumpa:

   e) Kwenda kukaa kwenye dawati, mbele ya watu, nifundishwe na yeye, binti niliyemchapia barua ya kuomba kazi. Mimi, Nakundwa.

Nilipewa kitu kwa halali na kwa moyo mweupe, nikakikataa. Nikashikilia cha kuiba. Na kila ilipofika siku ya thelathini nilikuwa nairudisha saa huku napiga mluzi, nasikia raha kabisa. Hiyo ndiyo inayonitia kinyaa kuliko yote, ile raha.


SIKU ZILIZOBAKI: 10

FUNDI TUMSIFU ANASEMA:

Dada, mimi nakuheshimu kama dada yangu. Lakini nasikia mahakama itakuita, na naogopa utaenda kusema habari za saa. Fikiri. Miaka sita Vudeko nzima inachapa na mashine zangu. Mikataba ya viwanja, vyeti vya ubatizo, barua za kata. Wangapi walisahau kufuta tarehe? Unajua wewe? Ukisema, kila mwenye kesi atavuta karatasi ya mwenzake aitazame juu kulia. Watakuja wakaguzi. Wataanza na duka lako, maana wewe ndiye uliyejitaja.

Mimi nimewasaidia watu hapa. Nani mwingine angewawekea? Hata karani wa mahakama nilimwekea mimi, kwa mkono wangu huu, na hakulalamika.

Huyo mama ana kaka zake milimani. Hatalala nje. Nyamaza tu, dada. Kalebu akichoka atamwachia hata chumba kimoja.


SIKU ZILIZOBAKI: 9

Chumba kimoja. Ndani ya nyumba aliyoibebea matofali kichwani akiwa na mimba ya pili.

Nikamsonya Tumsifu mpaka akachukua begi lake. Lakini usinipigie makofi. Alipoondoka nilikaa nikapiga mahesabu ya duka langu, na duka langu lilishinda.


SIKU ZILIZOBAKI: 8

MAHAKAMA YA MWANZO VUDEKO
HATI YA WITO KWA SHAHIDI

KWA: Bi Nakundwa Mrutu, mfanyabiashara wa steshenari

UNATAKIWA kufika mbele ya mahakama hii siku ya Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, saa tatu kamili asubuhi, kutoa ushahidi kuhusu uandishi wa muhtasari wa ukoo katika shauri la mirathi lililotajwa nyuma ya hati hii.

USIKOSE.

                    Imechapwa: Jumatatu, 23 Machi 2015


SIKU ZILIZOBAKI: 7

Niliisoma mara nne, nikitafuta kama wanasema nitafungwa. Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi.


SIKU ZILIZOBAKI: 5

NIWAELI ANASEMA:

Sijui kompyuta. Nilidhani inajua tarehe kuliko sisi.

Shemeji amekuja jana na futi kamba. Amepima sebule. Hakubisha hodi, na aliponiona hakunisalimia. Alikuwa anamwita mtoto wangu amshikie ncha ya kamba, na mtoto akamshikia, maana ni baba yake mdogo.

Nimewapikia ugali wakala. Nikaenda kukaa kwenye tangawizi.


SIKU ZILIZOBAKI: 3

Hiyo habari ya futi kamba niliipata kwanza dukani, kwa mteja aliyekuwa anacheka; maneno ya Niwaeli mwenyewe niliyasikia baadaye.

Nikafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sijafanya tangu msiba wa mama. Nikabeba kasha la kompyuta na kibodi yake kifuani kama mtoto mgonjwa, nikapanda kilima mpaka Chuo cha Ufundi. Watu wananisalimia njiani, naitikia bila kusimama.

Mwalimu Kitojo alikuwa anasahihisha madaftari. Akaondoa madaftari.

"Shikamoo, mama Nakundwa."

"Marahaba. Ile flashi yako ya programu huria bado unayo?"

Hakusema "nilikwambia". Ningefurahi angesema. Alipanguza kibodi yangu kwanza kwa kitambaa na spiriti, kitambaa kikawa cheusi, akachukua kingine, kikawa cheusi. Nilitazama pembeni.

"Una mafaili unayotaka kuyatunza?"

"Yote. Wadudu usiwatunze."

Aliyahamisha. Akafuta kila kitu kilichobaki, diski, ujanja, wanawake wasio na nguo, 12 Machi. Programu mpya ikaanza kujipakia yenyewe, polepole, bila kuomba namba. Kilichoulizwa kwenye kioo kilikuwa kwa Kiswahili:

Uko wapi?

Leo ni tarehe ngapi?


SIKU ZILIZOBAKI:


(Haihesabu.)


20 FEBRUARI 2024

"Sasa ule muhtasari wa Niwaeli," nikamwambia. "Hii inaweza kuusahihisha tarehe?"

Akalifungua lile faili. Mistari haikuhama hata mmoja. Miaka mitatu nilikuwa naiogopa hiyo mistari.

"Kuandika upya, inaweza sasa hivi," Mwalimu Kitojo akasema. "Lakini sahihi ya Mzee Sefania haiwezi kuirudisha. Karatasi ya kweli ni ile iliyoko mahakamani, na ile tarehe hakuna programu itakayoieleza. Ni mdomo wa aliyeiandika."

"Nikisema, nitakuwa nimejitaja mwizi mbele ya Vudeko nzima."

"Ndiyo, mama."

Akanikunjia waya.


21 FEBRUARI 2024

Vitu nilivyojaribu kuviweka badala yangu:

umeme

foleni

Tumsifu

marehemu Mzee Sefania, aliyesoma haraka

Niwaeli, aliyekuwa hajielewi


22 FEBRUARI 2024

Chumba cha mahakama ya mwanzo kina madirisha mawili na benchi sita. Zilijaa. Wenye steshenari wenzangu wawili walikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Tumsifu alisimama mlangoni. Kalebu alikuwa amevaa koti la kaka yake.

Yaliyosemwa:

HAKIMU: Wewe ndiye uliyeandika karatasi hii?

MIMI: Ndiyo, mheshimiwa.

HAKIMU: Uliiandika lini?

MIMI: Tarehe 14 Januari 2023.

HAKIMU: Hapa pameandikwa 29 Machi 2015. Nani aliandika hivyo?

MIMI: Kompyuta yangu.

HAKIMU: Kompyuta yako haijui tarehe?

MIMI: Ilikuwa inajua. Niliizuia.

(Kelele. Hakimu anagonga meza.)

HAKIMU: Eleza.

MIMI: Nilikuwa natumia programu ya kununua bila kuinunua. Ili isiishe muda nilikuwa nairudisha saa nyuma kila mwezi. Miaka sita. Siku ile nilisahau kuifuta tarehe ya uongo. Niwaeli hakughushi kitu. Ukoo ulikaa, walisaini kwangu, na Kalebu alisaini wa tatu, akaondoka na kalamu yangu.

KALEBU: Mheshimiwa, huyu amekiri mwenyewe kwamba ni mwizi. Mwizi aaminiwe kwa lipi?

HAKIMU: Swali lake lina maana, shahidi. Nina neno lako tu. Una uthibitisho gani kwamba kompyuta inaweza kufanya hivyo?


Sikuwa nao.

Nataka ujue kwamba sikupanga kilichofuata, usije ukanihesabia akili. Kompyuta yenye ushahidi nilikuwa nimeisafisha mwenyewe, siku mbili kabla, kwa kuichukia. Nilisimama pale nasikia mate ya siku ile yakinirudi. Niwaeli alikuwa ananitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikafungua pochi nitafute leso.

Mkono ukatoka na hati ya wito.

Nikaitazama chini kulia, mahali ambapo hakuna anayesoma.

MIMI: Mheshimiwa, hii ni hati yako?

HAKIMU: Ina mhuri wetu. Ndiyo.

MIMI: Inaniita nije leo, Februari 2024. Tafadhali soma ilichapwa lini.


Hakimu akasoma. Akaivua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Akamgeukia karani. Karani akaitazama kompyuta iliyo mbele yake. Pale mlangoni, Tumsifu hakuwepo tena.

"Jumatatu," hakimu akasema polepole, "ishirini na tatu Machi, elfu mbili kumi na tano."

Nilimwona mmoja wa wenzangu wa steshenari akifumba macho. Kalebu alianza kusema kwamba hilo ni suala lingine kabisa, kwamba hati ya wito si muhtasari, kwamba yeye, kwamba

"Kaa chini," hakimu akasema.

Halafu akamwomba karani afunge ile kompyuta. Akavuta daftari kubwa, la mistari, akafungua kalamu. Mkono ukasimama juu ya karatasi. Nadhani alikuwa na fedheha, na mimi naijua fedheha.

"Leo ni tarehe ngapi?" akauliza.

Utadhani swali rahisi. Chumba kizima, watu wenye simu mifukoni, tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Ishirini na mbili Februari, elfu mbili ishirini na nne," akasema Niwaeli kutoka kwenye benchi lake, bila kusimama. "Ni siku ya mia nne na sabini tangu afariki."

Hakimu aliinua macho. Akaangalia dirishani, kwenye mabati ya nyumba za nje. Akaangalia koti alilovaa Kalebu.

Akaandika kwa mkono, polepole, huku akitamka ili wote tusikie:

"Mahakama imesikia. Wote waliosaini muhtasari waitwe. Mwombaji asibughudhiwe katika nyumba hiyo kwa sasa. Kuhusu shahidi na biashara yake, mahakama itaamua. Shauri limeahirishwa hadi tarehe..."

Hapo kalamu ikasimama, akahesabu siku kwa vidole.